Metali ni ya Mwamba, Aliyeifungulia Ni Nani?

Majibu ya maabara yakirudi yakionyesha kuwa kisima kina arseniki au manganizi kupita kiasi, mjadala huwa mfupi na hukumu hutoka mapema. Mwenye mgodi, kiwanda au dampo la jirani husema metali hizo zilikuwamo ardhini tangu enzi na enzi. Wanaokunywa maji hayo huuliza mbona hawakuugua kabla yeye hajaja. Mamlaka husimama katikati, huunda kamati, na kamati huenda kuuliza swali lile lile: chanzo ni asili au ni binadamu? Mimi naona swali hilo limekaa vibaya. Mara nyingi jibu lake la kweli ni kwamba metali ni ya asili na aliyeifungulia ni binadamu, na kwa kuwa jibu hilo halimfurahishi yeyote kati ya wanaogombana, hakuna anayejisumbua kulitafuta.

Tukio la Bemidji, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, linaonyesha ninachosema. Agosti 1979 bomba la mafuta ghafi lilipasuka huko na kumwaga lita zipatazo milioni 1.7. Mengi yaliondolewa, lakini kiasi kilichobaki kilizama hadi kwenye maji ya ardhini, na eneo hilo likawa kituo cha utafiti wa muda mrefu cha taasisi ya jiolojia ya nchi hiyo, USGS. Miaka mingi baadaye watafiti walipima arseniki katika maji yaliyopitiwa na mafuta hayo wakakuta hadi mikrogramu 230 kwa lita, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, ni mikrogramu 10. Arseniki hiyo haikuja na mafuta. Ilikuwa mchangani muda wote, imenata juu ya chembe za kutu ya chuma, imetulia. Bakteria waliokuwa wakiyala mafuta walimaliza oksijeni ya majini, kisha wakaanza kuitumia kutu hiyo mahali pa oksijeni. Kutu ikayeyuka, na arseniki iliyokuwa imeishikilia ikaingia majini. Hapo mwenye bomba angeweza kuapa mahakamani kwamba hakumwaga hata chembe ya arseniki, na angekuwa anasema kweli tupu.

Watu wengi, na baadhi ya wataalamu nao wamo, hudhani kisima chenye arseniki nyingi lazima kiwe kimechimbwa kwenye mwamba wenye arseniki nyingi. Sivyo ilivyo. Mashapo ya delta ya mito Ganges na Brahmaputra nchini Bangladesh, ambako visima vimedhuru watu wengi mno, yana miligramu chache tu za arseniki kwa kilo, kiasi ambacho utakikuta katika mashapo ya kawaida popote duniani. Lakini tupige hesabu. Katika mchanga ulioshiba maji, kila lita ya maji huzungukwa na kilo sita hivi za mchanga. Tukichukua miligramu 3 kwa kilo, lita hiyo moja inakaa jirani na mikrogramu 18,000 za arseniki. Ili maji yafikie mikrogramu 50 kwa lita, inatosha mchanga uachie sehemu 3 tu katika kila 1,000 za arseniki iliyonayo. Ndiyo maana orodha ya madini yaliyomo mwambani, peke yake, haitabiri kitu kuhusu maji. Linaloamua ni jinsi metali ilivyoshikiliwa, na mshiko huo hutegemea hali ya maji yenyewe: kama yana oksijeni au hayana, kama yamelalia upande wa tindikali au wa magadi, kama yamebeba bikaboneti (chumvi itokanayo na hewa ya kaboni iliyoyeyuka majini) nyingi au kidogo. Na hizo ndizo hali ambazo shughuli zetu huzivuruga kila siku bila kuongeza metali yoyote ardhini.

Bangladesh inastahili kutazamwa kwa kituo, kwa sababu huko hakuna mgodi wa kulaumiwa. Kuanzia miaka ya 1970 serikali, UNICEF na wafadhili wengine walihimiza visima vya bomba ili watu waache maji ya mabwawa na mito yaliyojaa vimelea vya kuhara. Nia ilikuwa njema, na visima vilienea hadi vikawa mamilioni, vingi vikichimbwa na familia zenyewe kwa gharama zao. Arseniki haikuwa katika orodha ya vitu vya kupimwa. Ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la West Bengal nchini India, wagonjwa wenye madoa na sugu za ngozi walianza kutambuliwa mwaka 1983. Bangladesh yenyewe ilithibitisha tatizo mwaka 1993. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa kati ya 1998 na 2000 na taasisi ya jiolojia ya Uingereza, BGS, pamoja na idara ya uhandisi wa afya ya umma ya Bangladesh ulipima visima 3,534. Kati ya vile visivyofika kina cha mita 150, asilimia 27 vilipita mikrogramu 50 kwa lita, kiwango ambacho nchi hiyo ilikuwa ikikitumia, na asilimia 46 vilipita mikrogramu 10. Vilivyozidi kina hicho karibu vyote vilikuwa salama. Makadirio ya wakati huo yalisema watu kati ya milioni 35 na 77 walikuwa hatarini.

Kilichotokea chini ni kile kile cha Bemidji, ila badala ya mafuta kuna mabaki ya mimea yaliyofukiwa pamoja na mashapo. Yanapooza hula oksijeni, kutu ya chuma huyeyuka, arseniki huachiwa. Mashapo ya kina kirefu ni ya kale zaidi, yamesuuzwa na maji kwa muda mrefu, na kutu yake bado ipo. Wachimbaji wa visima wa huko waliligundua hilo kwa macho kabla vitabu havijaandikwa: mchanga mweusi au wa kijivu ukitoka kwenye bomba, maji huwa mabaya, mchanga mwekundu au wa hudhurungi ukitoka, maji huelekea kuwa salama. Utafiti wa baadaye uliwaunga mkono. Wekundu ule ni kutu ambayo haijayeyuka, na maadamu ipo, inaendelea kuinasa arseniki. Nimewahi kusikia wasomi wakiucheka ujuzi wa namna hii. Afadhali wangeuweka kwenye fomu za kuchimbia visima.

Hata hapa, palipo na chanzo cha asili bila ubishi, mkono wa binadamu haukosekani. Watafiti wamebishana kwa miaka mingi kama umwagiliaji wa kiangazi, unaovuta maji mengi kutoka ardhini, hushusha vitu vya kuoza kutoka mabwawani na kuwapa bakteria chakula kipya. Ubishi huo haujaisha kwa namna moja kila mahali, wala si lazima uishe hivyo, kwa kuwa mabonde hayafanani. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba maji yaliyokaa chini bila kunywewa na mtu yalifikishwa nyumbani kwa bomba lililofungwa na watu.

Kama kukosa oksijeni ndiko kungekuwa hatari pekee, kazi ingekuwa rahisi. Lakini ziko metali zinazosubiri kinyume chake. Katika pairaiti, ambayo ni chuma kilichoungana na salfa, na katika madini mengine ya salfa yaitwayo salfaidi, arseniki, nikeli na kobalti hutulia vizuri pale ambapo hakuna hewa. Hewa ikiingia, salfaidi huoksidika, tindikali huzaliwa, na metali hutoka. Mashariki mwa jimbo la Wisconsin, Marekani, kuna tabaka jembamba la salfaidi juu ya mwamba wa mchanga ambao watu wengi huchimba visima ndani yake. Pale ambapo maji yalishushwa na pampu hadi tabaka hilo likapata hewa kupitia kwenye visima vyenyewe, baadhi ya visima vilipimwa na kukutwa na arseniki hadi mikrogramu 12,000 kwa lita. Hiyo ni mara 1,200 ya mwongozo wa WHO, katika eneo lisilo na kiwanda cha arseniki wala mgodi. Denmark wamekumbana na kisa cha aina hiyo hiyo kwa upande wa nikeli: maji yaliposhuka kwa kuvutwa mno, pairaiti ilipata hewa na visima vya maji ya kunywa vikaanza kutoa nikeli.

Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha Florida, kwa sababu kule watu walikuwa wanajaribu kutenda mema. Maji safi ya mvua na mito yalisukumwa chini ya ardhi ili yahifadhiwe kwenye mwamba wa chokaa na kuvutwa tena wakati wa uhaba. Maji hayo yalikuwa na oksijeni, mwamba ule ulikuwa na chembe za pairaiti, na yaliporudi juu yalikuwa na arseniki. Leo mpango wowote wa kuhifadhi maji ardhini usioanza kwa kuchunguza salfaidi ya mwamba ni kamari inayochezwa na afya za watu.

Tuongeze na hili la kilimo, ambalo halisikiki sana. Katika bonde la San Joaquin, California, maji ya umwagiliaji yanayopita kwenye udongo wenye mizizi na viumbe wanaopumua hubeba bikaboneti nyingi. Bikaboneti hushikana na uraniamu iliyomo kwenye mashapo yaliyotokana na mwamba wa matale, kisha hushuka nayo kadiri pampu zinavyoyavuta maji kwenda chini. Katika bonde hilo hilo, na pia katika delta ya mto Mekong nchini Vietnam, watafiti wameonyesha kuwa kuvuta maji kupita kiasi hukamua matabaka ya mfinyanzi. Mfinyanzi ukikamuliwa hutoa maji yake ya zamani pamoja na arseniki, na uso wa ardhi hudidimia. Kwa hiyo mahali panapodidimia kwa sababu ya pampu panapaswa kupimwa arseniki hata kama hapajawahi kuwa na historia yake.

Nikisema hivi simpi mchafuzi mlango wa kutorokea. Uchafuzi wa moja kwa moja upo, na wakati mwingine hauhitaji upelelezi wowote. Kule Krugersdorp, Afrika Kusini, mwaka 2002 maji yenye tindikali yalianza kububujika juu ya ardhi kutoka kwenye migodi ya kale ya dhahabu ya Witwatersrand, baada ya pampu zilizokuwa zikiikausha kuzimwa na mashimo kujaa. Mwamba uliovunjwavunjwa kwa zaidi ya karne moja ulikuwa umepewa hewa na maji kwa pamoja. Pairaiti ikatengeneza tindikali ya salfa, nayo tindikali ikayeyusha manganizi, nikeli, uraniamu na nyingine. Hizo zote ni metali za mwamba ule ule. Lakini kabla ya kusagwa, eneo la mwamba lililogusana na maji lilikuwa dogo sana, na baada ya kusagwa lilikuwa kubwa mno. Anayeliita jambo hilo la asili anatufanyia mzaha.

Kuna kosa la upande wa pili pia, la kuzihesabu metali zote kuwa kitu kimoja. Zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu inatisha, na inastahili kuogopwa, ila hatari yake kubwa iko kwenye mvuke unaovutwa wakati wa kuchoma dhahabu, na kwenye tope la mito ambako hugeuka kuwa aina inayoingia kwa samaki. Kupenya hadi kisima kirefu ni nadra kuliko watu wanavyodhani. Risasi nayo hushikwa na udongo wa juu. Kabwe nchini Zambia, ambako mgodi wa risasi na zinki ulifanya kazi kuanzia mwanzoni mwa karne iliyopita hadi 1994, watoto wamedhurika hasa kwa vumbi na udongo wa maeneo wanayochezea. Ukienda mahali kama hapo ukapima visima tu, ukakuta maji si mabaya, kisha ukaandika kwamba hakuna tatizo, utakuwa umepima njia isiyo yake. Kromiamu ya viwanda vya ngozi na vya kupaka vyuma, kwa upande wake, ikiwa katika umbo lake la sita (wanakemia huliandika Cr VI) hutembea na maji kwa wepesi. Kadimiamu husafiri vizuri kwenye udongo wa kichanga wenye tindikali, na sehemu yake huja na mbolea za fosfeti. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha miligramu 60 kwa kilo ya fosfeti kuanzia Julai 2022. Kila metali ina tabia yake, na mashtaka lazima yafuate tabia hiyo.

Penye utata mkubwa kuliko kote ni penye dhahabu. Katika kanda ya dhahabu iliyo kusini mwa Ziwa Victoria, dhahabu na madini ya salfaidi yenye arseniki hukaa pamoja mwambani, na watafiti wamepima visima na chemchemi za eneo hilo wakakuta baadhi zimepita mwongozo wa WHO. Mwamba ulioleta mgodi ndio huo huo unaoleta arseniki, kwa hiyo kisima kibaya kitakuwa karibu na mgodi hata kama mgodi haujavujisha tone. Na bwawa la topesumu, yaani tope la mabaki ya mgodi, likivuja, litavujisha metali zile zile ambazo mwamba ungeweza kuzitoa wenyewe. Ukaribu peke yake haushtaki wala hausafishi.

Yuko mshukiwa wa tatu ambaye kamati nyingi hazimwiti: kisima chenyewe. Pampu nyingi za mkono zina mabomba na fito za chuma zilizopakwa zinki. Maji yakiwa na tindikali, yaani pH ikiwa chini ya 6.5, mpako huo huliwa haraka, kisha chuma hufuata. Maji hutoka mekundu, yana harufu ya kutu, yanachafua nguo, na watu wanarudi mtoni wakiamini kwamba ardhi yao ina maji mabaya. Wakati mwingine ardhi haina kosa; mnunuzi wa pampu ndiye hakuuliza pH kabla ya kununua, na vyuma visivyoshika kutu au mabomba ya plastiki vingemaliza tatizo. Ubaya zaidi ni risasi, kwa sababu haina rangi wala ladha ya kumwonya mnywaji. Maji ya ardhini kwa kawaida huwa na risasi kidogo sana, kwa kuwa huganda na kaboneti au hunata kwenye madini. Kwa hiyo ukiikuta risasi kwenye kisima kilicho mbali na yeyote anayeishughulikia, wa kwanza kushukiwa awe vali na viungo vya shaba ya manjano vilivyochanganywa na risasi ili vichongeke kwa urahisi, au maungio yaliyolehemewa kwayo. Utafiti katika Ghana, Mali na Niger umeonyesha risasi ikitoka kwenye vifaa vya namna hiyo. Huko Madagaska, pampu fupi zilizotengenezwa na mafundi wa mitaani zilikutwa na vali zilizotiwa vipande vya risasi ili ziwe nzito. Ninaona aibu kwamba mradi wa maji unaweza kupimwa vimelea mara kumi na usiombwe hata mara moja cheti kinachoonyesha vali zake zimetengenezwa kwa nini.

Kumtambua mshukiwa huyu hakuhitaji mtambo wa bei mbaya. Chukua sampuli ya kwanza alfajiri, kabla pampu haijaguswa, na nyingine baada ya kuvuta maji hadi yale yaliyolala bombani yaishe. Metali ikiwa nyingi kwenye ya kwanza na kuporomoka kwenye ya pili, inatoka kwenye vifaa. Ikibaki pale pale, inatoka ardhini.

Na sampuli zenyewe zina mambo. Maji yenye tope yakitiwa asidi ya nitriki bila kuchujwa, kama ilivyo kawaida ili metali zisigande kwenye chupa, asidi hiyo huyeyusha hata chembe za udongo zilizomo, na majibu hujaa chuma, manganizi na metali nyingine ambazo maji yenyewe hayakuzibeba. Yakichujwa kwa chujio la mikromita 0.45 kwanza, utapata kilichoyeyuka tu, lakini anayekunywa hachuji namna hiyo. Anayechunguza chanzo ahitaji sampuli iliyochujwa. Anayechunguza hatari kwa mnywaji ahitaji isiyochujwa. Mtu makini huchukua zote mbili na kuziandika wazi. Nimeona ripoti mbili za kisima kimoja zikitofautiana mara kadhaa, na pande mbili zikishambuliana kwa ripoti hizo, kumbe tofauti ni chujio.

Sasa, unapotaka kujua nani kaifungulia metali, metali yenyewe huwa shahidi dhaifu. Wenzake ndio wanaoongea. Nitreti na kloridi zikipanda pamoja na nikeli, tazama shamba, choo au mfereji wa majitaka. Salfeti ikipanda huku pH ikishuka, salfaidi imepata hewa, iwe mgodini au kisimani. Chuma, manganizi na arseniki zikipanda pamoja huku nitreti na oksijeni vikitoweka, kuna kitu kinaoza, na swali linabaki kama ni tabaka la mimea la kale au maji ya dampo. Hilo la dampo si la kubuni: huko Massachusetts, katika dampo la zamani la kambi ya jeshi ya Fort Devens liitwalo Shepley's Hill, arseniki nyingi iliyomo kwenye maji ya ardhini inahusishwa na mashapo na mwamba wa hapo, iliyofunguliwa na hali ya kukosa oksijeni. Kwa risasi kuna isotopu zake, yaani aina za risasi zinazotofautiana kwa uzito wa atomu, ambazo uwiano wake hutofautiana kati ya machimbo na machimbo, hivyo risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli zamani inaweza kutengwa na ile ya mwamba wa mahali.

Lakini ushahidi wote huo hauwezi kuchukua nafasi ya kipimo kilichofanywa kabla. Mji mdogo wa Hinkley, California, ulilipwa fidia ya dola milioni 333 mwaka 1996 baada ya kituo cha gesi cha kampuni ya PG&E kuwa kimemwaga maji yenye kromiamu ya umbo la sita katika miaka ya 1950 na 1960. Kwamba kampuni ilichafua halina ubishi. Ila kromiamu ya umbo la sita hutokea pia kwa asili, pale ambapo oksidi za manganizi hukutana na kromiamu ya miamba fulani, na jangwa lile linayo kidogo. Kwa hiyo kila kisima cha pembezoni kilizua swali: uchafu umefika hapa au haujafika? Utafiti wa kampuni wa mwaka 2007 uliweka kiwango cha juu cha asili kuwa mikrogramu 3.1 kwa lita, wakazi na wataalamu wakaupinga, ikabidi USGS wakabidhiwe kazi hiyo upya, na ripoti yao ikatoka mwaka 2023. Zaidi ya nusu karne baada ya uchafuzi kukoma, bado watu walikuwa wakibishana juu ya mpaka wa doa. Laiti mtu angepima visima 50 mwaka 1951.

Ndiyo sababu sikubaliani na utaratibu ambao mradi hupima hali ya awali ya visima kwa mkandarasi aliyemchagua mwenyewe, mara moja, katika msimu mmoja. Kesi ya ngedere kumpelekea nyani haiishi vizuri. Maji ya ardhini hubadilika kati ya masika na kiangazi, na mwaka wa ukame si sawa na mwaka wa mvua. Kipimo cha awali chenye thamani ni cha misimu kadhaa, kinajumuisha visima vilivyo upande ambao maji yanatokea na vile vilivyo upande yanakoelekea, na sampuli za pili hukabidhiwa mamlaka au jamii wakazipime wanakotaka. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2006 kuhusu maji ya ardhini inazitaka nchi wanachama zizingatie viwango vya asili zinapoweka vikomo vyake. Hiyo ni busara, mradi tu viwango hivyo vipatikane kwenye maji ambayo hayajaguswa, si kwenye wastani wa eneo ambalo tayari lina viwanda, dampo na mashamba, kisha wastani huo ukabatizwa jina la asili.

Na hata chanzo kikithibitika kuwa mwamba peke yake, wajibu haufi. Mahakama ya juu ya Uingereza, House of Lords, mwaka 2006 ilitupa madai ya mwananchi wa Bangladesh dhidi ya taasisi mama ya BGS, iliyopima maji ya visima mwaka 1992 bila kupima arseniki. Kisheria mahakama iliona BGS hawakuwa na jukumu kwa mtu huyo, kwani hawakuwa na mamlaka yoyote juu ya maji anayokunywa. Siwezi kuikosoa sheria ya watu. Hata hivyo hukumu hiyo inaacha shimo: mwamba hauna wa kumshtaki, mpimaji hana jukumu, mchimbaji alichimba alipoambiwa. Mwaka 2016 shirika la Human Rights Watch liliripoti kuwa watu wapatao milioni 20 nchini Bangladesh bado walikuwa wakinywa maji yenye arseniki kupita kiwango cha taifa, na kwamba visima virefu vya serikali, vilivyokusudiwa kuwaokoa, vilikuwa vikielekezwa kwa wafuasi na jamaa za wanasiasa. Jiolojia haichagui nyumba ya mwanasiasa.

Kwa mtazamo wangu, jukumu la kwanza ni la anayefungua kisima na kuwakaribisha watu wanywe, bila kujali metali imetoka wapi. Apime arseniki, manganizi, risasi, uraniamu na pH kabla ya kukabidhi kisima, na arudi kupima baada ya mwaka mmoja na baada ya kila mabadiliko makubwa ya uvutaji, kwa sababu kisima cha Wisconsin kilikuwa kizuri kabla hakijawa kibaya. Manganizi naitaja makusudi: ilikuwa imeachwa na WHO mwaka 2011, kisha ikarudishwa na kikomo cha muda cha mikrogramu 80 kwa lita kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo, na miradi mingi bado inaihesabu kama kero ya madoa ya nguo tu. Watumiaji nao waambiwe bila kuzungushwa kwamba kuchemsha hakuondoi metali. Maji yakipungua chunguni, metali iliyobaki huwa nzito zaidi kwa kila lita.

Baada ya hapo ndipo mashtaka yafuate, na yafuate utaratibu wa kilichotokea chini. Vifaa vikiwa ndivyo vyenye kosa, vibadilishwe wiki hiyo hiyo na muuzaji alipe. Hewa ikiwa imeingia kwenye salfaidi kwa sababu ya uvutaji, punguza uvutaji au ziba sehemu hiyo ya kisima kwa saruji, na anayevuta kuliko wote agharamie. Dampo au mafuta yakiwa yamemaliza oksijeni, mwenye dampo alipe kwa arseniki ambayo hakuileta, kwa kuwa bila taka zake ingekaa ilipokuwa. Na kisima kikiwa kimechimbwa kwenye mchanga wa kijivu wakati mwekundu uko mita chache chini yake, aitwe aliyesaini fomu ya kuchimba, aulizwe kama alitazama rangi ya kilichotoka bombani.